Nusu kwa Nusu

Mtoto wa mpangaji wetu alinizidi hesabu. Naanza na hilo kwa sababu mambo mengine yote ya maisha yangu, shahada tatu, miaka mitano ya baridi ughaibuni, hadi hii "Shikamoo Profesa" ya mlinzi wa getini kila asubuhi, yalifuata nyuma ya hilo, na mengi niliyafanya ili nilifute.

Nyumba yetu iko Kariakoo, nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Mpaka leo haijawa ghorofa, ingawa imezungukwa na maghorofa pande tatu na kaka zangu kila sikukuu wananiletea mnunuzi mpya. Babu alizaliwa humo, baba akazaliwa humo, na sisi watoto tuliwaita wapangaji "watu wa kuja" bila kuona kosa lolote. Nilipokuwa na miaka tisa, chumba cha mwisho karibu na choo kilichukuliwa na mwanamke kutoka Masasi na binti yake mmoja, rika langu. Mama yule alikuwa akienda Feri alfajiri kununua samaki mnadani, anawakaanga uani kwetu, kisha anawauza sokoni. Binti aliandikishwa shuleni kwetu akaingia darasa langu.

Hadi siku hiyo wa kwanza nilikuwa mimi. Baba alikuwa akiwaambia wateja wake dukani kwamba nina kichwa cha babu yake, na mimi nilikaa nyuma ya kaunta nikijifanya sisikii.

Ikaja harusi ya shangazi yangu mdogo. Baba alikuwa na kadi za kugawa mitaa ya jirani, na alikuwa mtu wa kupenda mambo yaende kwa mpango. Akachora mitaa yetu nyuma ya kalenda ya zamani, akaniambia, "Wewe si bingwa wa hesabu? Nitafutie njia nipite kila mtaa mara moja tu, nisirudie hata mmoja." Nilikaa ukumbini tangu baada ya chakula cha mchana. Nilichora, nikafuta, nikachora tena mpaka karatasi ikatoboka. Kila mara ulibaki mtaa mmoja ambao sikuupita.

Binti wa mpangaji alikuwa akipita na beseni la samaki kichwani. Akasimama, akatazama kwa muda ambao mtu anatumia kusoma tangazo ukutani, akasema, "Haiwezekani."

Baba akamuuliza kwa nini.

"Hapa pana mitaa mitatu," alisema, akionyesha njia panda kwa kidole cha mguu, maana mikono ilikuwa imeshika beseni. "Ukiingia unatoka. Ukiingia tena, huna pa kutokea. Zingekuwa njia panda mbili za hivi ungeanzia moja ukamalizia nyingine. Lakini ziko nne."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Akamwita mama wa yule binti aache kukaanga aje asikie. Akawaita majirani. Jioni ile alilisimulia jambo hilo msikitini, na kesho yake dukani, na hakulitaja tena lile la kichwa cha babu. Niliona wivu hapohapo, na sijui neno la heshima la kuuitia. Miaka kumi baadaye, chuo kikuu, mhadhiri alituandikia jambo lilelile ubaoni kama nadharia kubwa ya watu wakubwa, akatupa wiki nzima ya kuithibitisha. Mwenzangu, yule binti wa mpangaji, alimaliza kabla chaki haijawekwa chini, kisha akaangalia nje dirishani. Mimi nilitumia wiki yote na nikapata alama zote, na hakuna aliyeshangaa.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda. Tulifaulu wote, tukapanda wote, watu wakasema sisi chanda na pete. Nilikuwa nasoma mara mbili yake. Yeye alikuwa akirudi kutoka sokoni kumsaidia mama yake, ananawa harufu ya samaki, anafungua daftari langu, siyo lake, anasoma kidogo, anauliza swali moja. Swali hilo lilikuwa likinionyesha kwamba nilichokikariri sijakielewa. Nilimpenda, na hilo sitaki lipotee katika maneno yangu haya. Kuna usiku aliokesha nami hospitali mama yangu alipolazwa, na kuna nguo zangu alizovaa na zake nilizovaa. Lakini nilikuwa namtazama akifikiri, na kinywa changu kikawa kichungu kama nimetafuna panadoli.

Nilipopata nafasi ya kwenda kusoma udaktari wa hesabu nje, yeye alibaki kusomea hapahapa, kwa sababu hakutaka kumwacha mama yake peke yake. Kwenye ndege nilifurahi. Nilijiambia, haya sasa, tuone. Mwaka wa pili, msimamizi wangu kule, mzee ambaye ukimpa ramani hawezi kukuonyesha Tanzania, aliniita ofisini na makala mkononi. Aliniuliza kama namfahamu mtu huyu aliyeandika kutoka Dar es Salaam, maana hoja yake ilikuwa imenyooka ajabu. Nikasema namfahamu. Akasema nina bahati sana. Nilirudi chumbani nikalala na koti na viatu.

Niliporudi nyumbani tukaajiriwa idara moja, na hapo ndipo tulipoanza kufanya kazi pamoja. Mimi niliishi kwenye nyumba yetu Kariakoo, yeye alipanga fleti Upanga akamchukua mama yake. Kila Jumamosi asubuhi alikuja kwetu na begi la karatasi. Tulikaa uani, mezani, tukinywa chai na vitumbua. Nje spika za wauza nguo zilikuwa zinapiga kelele za bei, buku, buku, buku, na juu mafundi wa ghorofa jipya walikuwa wanagonga nondo. Hatukuhitaji kimya. Watu wa fani nyingine wanahitaji maabara, sisi tulihitaji meza isiyoyumba.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Yeye anasema, mimi napinga. Anakuja na wazo, ananieleza, na mimi natafuta mahali linapovunjika. Tulikuwa tukichunguza mitandao, vitu vya nukta na nyuzi zinazoziunganisha, na swali letu lilikuwa: ukikata uzi mmoja baada ya mwingine, utajuaje mapema lini mtandao utaachana vipande viwili? Tulihangaika nalo miaka minne. Kuna Jumamosi alikuja na uthibitisho wa kurasa kumi na mbili, umeandikwa vizuri, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Niliusoma mpaka adhuhuri. Kisha nikachukua kipande cha mkaa, nikachora sakafuni nukta tano na nyuzi saba, nikamwambia, "Jaribu huu." Akajaribu. Uthibitisho wote ukaanguka.

Alipiga makofi. Naapa, alipiga makofi kama mtoto aliyeona mazingaombwe, akasema, "We mwanamke! Umeuona wapi huu mdudu?" Akachana kurasa zake kumi na mbili, akamimina chai nyingine. Nilikuwa nimembomolea mwezi mzima wa kazi, na kwa kweli nilikuwa nimefanya hivyo kwa raha ya choyo, lakini yeye akaenda nyumbani akiimba. Mtu anafurahije kubomolewa? Hata kushindwa alikuwa akishindwa vizuri kuliko mimi.

Zilitoka makala tatu. Katika fani yetu kuna desturi ambayo watu wengine hawaijui: majina ya waandishi hupangwa kwa alfabeti. Hatuulizani nani kafanya zaidi. Herufi ya jina lake iko mbele ya yangu, na kwa hiyo kila mahali yeye wa kwanza, mimi wa pili. Kwa sisi wenyewe haina maana yoyote. Lakini chuo kina madaktari wa mifugo, wanasheria, watu wa kilimo, na kwao jina la kwanza ndilo lenye kazi, la pili ni la aliyebeba ndoo. Mmoja wao alinikuta kantini akaniambia kwa upole, "Naona unamsaidia vizuri mwenzio." Nilicheka naye. Chakula sikukimaliza.

Sasa niseme nilichokuwa nakitaka. Idara yetu ilikuwa haijawahi kuwa na mwanamke aliyekuwa profesa kamili. Sote wawili tulikuwa maprofesa washiriki, ngazi moja chini. Wanaume walipita mbele yetu, wengine tuliowafundisha wenyewe. Kila mtu alijua kwamba wa kwanza atakuwa mmoja wetu, yeye au mimi, na wa kwanza hawi wawili. Nilitaka niwe mimi. Nilikitaka hicho kuliko nilivyowahi kutaka mume, na mume nilimtaka sana kabla sijampata.

Mama yake naye alikitaka, kwa ajili ya mwanawe. Alikuwa amezeeka, ameacha samaki, anakaa barazani kule Upanga akiangalia bajaji zikipita. Nilikuwa nikienda kumsalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu nieleze wewe, maana huyu mwenzio hajui kueleza. Profesa mshiriki, anashirikiana na nani?"

"Na mimi, mama."

"Basi muachane, kila mmoja apate wake mzima." Tukacheka wote. Kisha alinionyesha gauni la kitenge alilolishona aje alivae siku mwanawe atakapovishwa joho la uprofesa. Lilikuwa limening'inia ndani ya nailoni kwenye mlango wa kabati.

Mwenzangu ndiye aliyeomba kwanza. Hakunificha, aliniambia siku hiyohiyo. Kwa makala za watu zaidi ya mmoja chuo kilitaka fomu ya mchango: kila mwandishi amefanya asilimia ngapi, maelezo mafupi, na sahihi za wote. Nilikuwa nimezisoma kanuni mpaka nazijua kwa kurasa. Makala inahesabika yako kamili ukiwa mchangiaji mkuu, na mchangiaji mkuu ni yule aliyevuka nusu. Yeye hakuwahi kusoma kanuni yoyote maishani mwake, hata ya kupanga nyumba. Kazi hiyo alinikabidhi mimi tangu tukiwa wasichana.

Jumamosi ile aliniwekea fomu mezani. Mahali pa sahihi yake palikuwa pameshasainiwa, na kwingine kote kulikuwa kutupu.

"Jaza wewe," alisema. "Mimi hayo ya asilimia siyawezi. Nitaanza kufikiria robo ya wazo ni nini, nitapata wazimu."

"Unasaini kitu ambacho hakijaandikwa?"

"Kwani anaandika nani? Si wewe?"

Nilikaa na fomu hiyo siku mbili. Kwa hesabu yangu ilikuwa themanini kwa ishirini, themanini zake. Mawazo yote makubwa yalikuwa yake. Mimi nilikuwa mtu wa kusema hapana. Hivyo ndivyo nilivyojiona, na hicho ndicho kilichokuwa kinaniuma miaka yote. Ningeandika themanini, angepita moja kwa moja. Ningeandika thelathini, ningekuwa mwizi na yeyote angeniona.

Nikaandika hamsini kwa hamsini. Mara tatu, makala zote tatu. Nusu inaonekana kama haki, na hata mtoto akigawiwa nusu halalamiki. Nani angenilaumu kwa nusu? Kwenye maelezo niliandika kwamba tulifanya kazi kwa ushirikiano kamili, maneno mazuri sana. Huo ndio ubaya wa kuuma na kupuliza: hata mwenyewe nilianza kuamini. Nilimpa bahasha Jumatatu. Akaitia kwenye begi, akasema asante, akaniuliza kama nimekula.

Nilingoja aje juu. Kila hatua niliyoisikia kwenye korido nilidhani ni yake, anakuja na fomu mkononi kuniuliza. Hakuja. Nikaona labda hakuisoma, aliipeleka kama ilivyo, na hilo likanipa nafuu na dharau kwa wakati mmoja.

Majibu yalipotoka, barua ilisema makala ambazo yeye ni mchangiaji mkuu hazijatosha, aombe tena baadaye. Aliniambia tukiwa kituo cha mwendokasi Gerezani, tunangoja basi kwenda kazini. Alisema, "Wamesema bado." Nikamshika mkono. Nikasema, "Pole, mwenzangu, hawa watu hawajui kazi." Nilimaanisha pole ile, na wakati huohuo moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma. Mtu hajui anaweza kubeba vitu viwili vya hivyo kifuani mpaka siku avibebe.

Mama yake alifariki mwaka uliofuata, kabla ya mvua. Nilikuwa msibani toka siku ya kwanza, nikipika, nikipokea wageni, nikimpangia mwenzangu kila kitu. Niliingia chumbani kuchukua mashuka. Gauni lilikuwa palepale kwenye mlango wa kabati, ndani ya nailoni yake. Nilitoa mashuka nikatoka.

Kisha ikawa zamu yangu ya kuomba. Nilikuwa nimeandika makala mbili peke yangu, za kawaida, lakini zilinisogeza. Nikihesabu, nilihitaji makala mbili nyingine ambazo ni mchangiaji mkuu, na zilizobaki zilikuwa zile zetu tatu. Mtego wangu ulikuwa umeninasa na mimi. Nilimpelekea fomu bila matumaini. Nilifikiri ataandika nusu, kama nilivyoandika mimi, na tutazeeka wote washiriki mpaka tustaafu. Kuna sehemu yangu iliyoridhika na hilo, maadamu naye hapiti.

Jumamosi alikuja na bahasha. Niliifungua mbele yake, uani, chai bado inatoa moshi. Alikuwa ameandika sitini zangu, arobaini zake, makala zote tatu. Nyuma ya fomu alikuwa ameambatanisha barua ya mkono kwa ofisi. Iliandikwa kwamba katika kazi zetu yeye hutoa mawazo mengi na mengi yake ni ya uongo. Kwamba mwenzake ndiye hujua lipi litasimama. Kwamba kila nadharia iliyo katika makala hizo ina umbo lake la sasa kwa sababu mwenzake aliyaua mengine yote. Mwishoni aliandika kwamba fomu ya awali ilimpendelea yeye, na kwamba aliipeleka akijua.

Nikamuuliza, "Barua hii ya nini?"

"Ya kusahihisha. Wataona fomu mbili hazifanani, watauliza." Alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. "Ile ya kwanza ulinihurumia. Niliisoma, nikaona umenipa nusu nzima, nikasema huyu kanionea huruma kwa sababu ya mama. Nikanyamaza, maana nilikuwa naitaka. Haikuwa vizuri."

Ningesema asante tu. Barua ile ilikuwa inanipa kila kitu. Ilikuwa pia inamfungia mlango yeye, maana akishaandika hivyo makala zile haziwezi tena kuwa zake, na alilijua hilo, safari hii alikuwa amesoma kanuni. Lakini nilipandwa na hasira. Kunizidi hesabu nilishazoea. Sasa na wema pia? Sitaki mtu adhani nilitubu. Nilisema kwa sababu sikuweza kuvumilia kukaa pale nikitendewa wema naye.

"Sikukuhurumia," nilisema. "Niliandika nusu ili ukwame."

Aliacha kupaka siagi.

"Kanuni inataka uvuke nusu. Nilijua, na nilijua wewe wakati ule hukujua. Ndiyo maana nikaandika hamsini. Nilitaka kuwa wa kwanza."

Kisha aliuliza kama anavyouliza anapotaka kuona hatua iliyorukwa kwenye hoja. "Wewe mwenyewe uliona ni ngapi?"

"Themanini. Zako."

"Themanini!" Karibu acheke. "Umekosea. Umekosea sana, huwezi kuipata themanini kwa njia yoyote. Hivi miaka yote unadhani nilikuwa nafanya nini hapa kila Jumamosi? Nilikuwa nakuja kula vitumbua?"

Na hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Nililiona likimfikia, taratibu, jambo lile lingine ambalo halikuwa la asilimia. Aliweka kisu mezani.

"Mama alikuwa akiniuliza kila Jumapili tukitoka kanisani," alisema. "Kila Jumapili. Nikamwambia, mama, makala hazijatosha, kosa langu. Akaniambia nijitahidi." Alifuta mikono yake kwa kanga iliyokuwa kitini, mikono ambayo haikuwa na kitu. "Amekufa akijua kwamba sikujitahidi."

Alianza kukusanya karatasi zake, moja moja, akiacha zile zenye mwandiko wangu. Nilimwambia naichana fomu, naichana sasa hivi, na barua yake pia.

"Usiichane. Nilichoandika ni kweli. Hakiwi uongo kwa sababu wewe una roho mbaya."

Alipita ukumbini akatoka, na nikamsikia barazani akimjibu muuza mitumba salamu yake kwa sauti ya kawaida kabisa.

Jumatatu niliipeleka. Fomu na barua, zote mbili. Nimejaribu kujieleza kwamba nilifanya hivyo kwa kuwa aliniambia, na mara nyingine maelezo hayo yanakubali kwa siku mbili tatu. Nikapata. Mimi ndiye wa kwanza, na picha yangu iko kwenye ukuta wa idara, na wasichana wa mwaka wa kwanza wanajipiga picha kwa simu zao pembeni yake. Yeye alipata baada ya muda, kwa kazi mpya kabisa. Aliniandikia kunialika kwenye mhadhara wake, mwaliko uleule waliopewa wote. Nilikaa safu ya nyuma. Tukikutana korido tunasalimiana, ananiuliza watoto, hawajambo. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, na najua hivyo kwa sababu watu bado wananipenda.

Kwetu Jumamosi hakuji mtu. Nimeandika mambo tangu hapo, lakini nikisoma naona yamekaa tu, hayana mtu aliyeyafikiri mwanzo. Kazi yake siku hizi anaifanya na mhadhiri kijana, binti aliyemaliza udaktari wake juzi, kule fleti kwake Upanga. Nimepita pale zaidi ya mara moja nikijiambia naenda hospitali kumwona mgonjwa. Dirisha linakuwa wazi, na sauti zao zinashuka hadi barabarani. Yake inapanda na kushuka, kisha ya binti inaikata, kisha kicheko. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kuona wivu kwa ajili ya kiti.

Wiki iliyopita yule binti alikuja ofisini kwangu.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba. Karibu, keti."

Hakuketi. Alisema ana jambo linamsumbua na haoni wa kumuuliza ila mimi, kwa kuwa mimi niliwahi kufanya kazi na Profesa mwenzangu. Wamemaliza makala, jina lake litawekwa, na yeye anaona aibu. "Kusema kweli sifanyi kitu, Profesa. Yeye ndiye anafikiri. Mimi napinga tu. Nafikiria nimwombe anitoe."

Nilijua la kumwambia. Hakuna mtu mjini hapa anayelijua kuliko mimi, na lingetosha kwa sentensi mbili, na angeshuka ngazi zile akiwa mtu mwingine. Alisimama akinisubiri, begi lake la karatasi begani.

Nilimwambia nina kikao, nikamwomba afunge mlango akitoka.